Ukitaka Kuacha Pombe Sigor, Soma Hapa Kwanza

Hakikisha umepanda gari la Sigor unayoitaka. Kenya ina Sigor mbili. Moja iko Pokot Magharibi, ukishapita Kapenguria na kuteremkia joto la Marich. Ukijikuta huko ukiuliza kikao cha walioacha pombe, pombe utaiacha kweli, maana nauli ya kurudi itakumaliza. Nyingine iko Chepalungu, kaunti ya Bomet, na ndiyo tunayoizungumzia. Gari lake hupatikana Bomet mjini na hupitia Kyogong na Kapkesosio. Usimtegemee makanga akurekebishe. Kazi yake ni kujaza viti.

Ukishuka, usitafute majani chai. Wageni wakisikia Bomet na Kericho huona vile vilima vya kijani vya kwenye pakiti, lakini Chepalungu ya chini ni mahindi, ng'ombe na maziwa. Chai iko juu, Silibwet na Mogogosiek, na kule Kericho kwenye mashamba makubwa ambako vijana wa huku huenda kuchuma. Hata hivyo kalenda ya ulevi ya Sigor imepangwa na chai. Bonasi ya wakulima wa chai wa KTDA hutoka karibu na Oktoba, na pesa za juu zina tabia ya kuteremka: fundi aliyejenga zizi Mogogosiek amelipwa, kijana mchumaji amelipwa, dereva wa pikapu amelipwa, na wote wana rafiki Sigor aliyewakopesha mwezi wa Agosti. Mtu anayetangaza kuacha pombe mwezi wa Oktoba apewe heshima zake, au apimwe joto.

Haya, tuseme umeamua. Labda mke amerudi kwao na sufuria zote. Labda mkopo wa simu wa Fuliza umekata kila shilingi kabla hujaiona. Labda umeamka mtaroni ukiwa umevaa kiatu kimoja, nacho si chako. Sababu haijalishi. Unachotaka sasa ni kukaa na watu waliopitia njia hiyo, na hapo ndipo mgeni hupotea, kwa sababu Sigor hakuna upungufu wa mikutano. Kila siku kuna mahali watu wameketi wakizungumza habari za pombe. Tatizo ni kwamba vingi vya vikao hivyo vinazungumza habari zako, wewe ukiwa umesimama.

Kosa la kwanza ni kumuuliza mtu wa bodaboda.

"Boss, nataka kwenda AA."

"AA ile ya kufundisha gari?"

"Ee... hiyo hiyo."

"Twende. Lakini boss, na ile leseni uliyokuwa nayo?"

Wewe ulimaanisha Alcoholics Anonymous, walevi wanaosaidiana kuacha pombe, lakini kwa Mkenya wa kawaida AA ni chama cha wenye magari, kile chenye shule ya udereva. Usimsahihishe kijana wa watu. Kufikia saa kumi na mbili jioni steji yote itajua kwamba unajifunza kuendesha lori, na huo ni usiri mzuri kuliko wowote utakaoweza kujitungia. Siku utakayoonekana ukitoka mahali fulani umenyooka na macho meupe, watasema umepita mtihani.

Kosa la pili ni kuuliza hospitalini, kwa sauti ya chini, "Daktari, sapoti grupu iko wapi?" Utaelekezwa kwa upole mkubwa hadi kwenye kliniki ya wanaotumia ARV, kwa sababu hiyo ndiyo sapoti grupu ambayo nchi hii imeizoea. Utapewa kiti na tabasamu, na atatokea mama mmoja wa kukuambia usiogope, yeye yuko kwenye dawa mwaka wa kumi na tano na ana wajukuu. Kabla hujajieleza, msikilize. Hakuna watu Kenya hii wanaojua kazi ya kikundi kuwashinda hao. Walijifunza kutunza siri wakati siri ikivuja inavunja nyumba. Walijifunza kumfuata nyumbani mwenzao aliyekosa kuja bila kumfokea. Kule Eldoret, watafiti waliokuwa wakifanya kazi na kliniki za VVU za AMPATH waliwafundisha watu wa kawaida, wasio na digrii za saikolojia, kuongoza vikundi vya wagonjwa wa VVU wanaokunywa, kwa Kiswahili, wanaume peke yao na wanawake peke yao. Jaribio lao kubwa lilihusisha wagonjwa 614 na matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliokaa katika vikundi hivyo walipunguza pombe kuliko wenzao waliopewa mafunzo ya afya kwa jumla. Kwa hiyo ukielekezwa mlango huo, angalau utakuwa umeona kikundi kinavyofaa kuwa, na utakuwa na kipimo cha kupimia vingine.

Nikiwa bado hospitalini niseme neno lisilo na mzaha. Ikiwa unakunywa kila siku, na asubuhi mikono hutetemeka mpaka "utoe loki", yaani unywe ya kwanza, usianzie kwenye kikao chochote, na usijifungie nyumbani kwa ujasiri. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla huweza kutoa kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na kufikia siku ya pili au ya tatu mtu huweza kuanza kuweweseka, kuona vitu visivyopo, joto kupanda na moyo kwenda mbio. Hali hiyo huua. Majirani watasema amerogwa, au ni pombe inamdai, na watamfunga kamba badala ya kumpeleka hospitali. Dawa za kuvusha siku hizo zipo, na vitamini ya B1 ya kulinda ubongo ipo. Mwambie daktari ukweli wa kiasi unachokunywa, ukikumbuka kwamba "vikombe viwili" vya mama pima, anayekupimia chang'aa, pombe kali ya kienyeji, havimo katika kipimo chochote cha kitabibu. Nenda hospitali ya Longisa, nenda ya Tenwek, nenda ya Kaplong. Kikao kitakungoja.

Sasa turudi barabarani. Kikao kitakachokupata kabla hujakitafuta ni baraza la chifu. Hili lina viti vya plastiki kwa wageni wa heshima na nyasi kwa wengine, na ajenda ya pombe haikosekani. Ofisa atasimama na kutangaza vita. Atataja mapipa ya kangara, uchachu wa kupikia chang'aa, yaliyomwagwa mtoni wiki iliyopita. Naibu wa chifu atatikisa kichwa kwa uchungu, naye anajua nyumba ya kila mama pima kwa sababu ambazo baraza halitaziuliza. Kisheria mambo yako wazi: tangu Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010, ile wananchi waliyoiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, chang'aa si haramu kwa jina lake, haramu ni kuipika bila leseni na kuiuza kwa kikombe nyuma ya zizi. Baa nazo zikapangiwa saa, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Yote hayo utayasikia barazani. Kisha utaulizwa, mbele ya shemeji zako na mwalimu wa mwanao, kama wewe ni mmoja wa wale wanaoaibisha lokesheni. Baraza limeundwa kumpata mtu wa kulaumiwa, na kila linapokutana humpata. Hudhuria kama raia. Usihudhurie kama mgonjwa.

Kuna kikao cha pili kisichohitaji kutafutwa kwa sababu kina spika nne na jenereta. Bomet ni nchi ya makanisa yasiyofanya mzaha na pombe; Africa Gospel Church, lililotokana na wamishonari wale wale wa World Gospel Mission walioijenga Tenwek, limewafundisha watu wa hapa kutogusa kileo kwa vizazi kadhaa, na si haba walioacha kwa njia hiyo. Simdharau mtu aliyeokoka akaacha. Ninawajua wengi, na nyumba zao zina mabati mapya. Lakini mgeni ajue mpangilio wa kazi. Jumapili ya kwanza utaitwa mbele. Jumapili ya pili utapewa kipaza sauti. Ushuhuda unapendwa ukiwa na matukio, kwa hiyo utajikuta unaongeza chumvi, na ng'ombe mmoja uliyemuuza kwa ajili ya pombe atakuwa ameshafika watatu ifikapo krusedi ya Desemba. Utakuwa nyota. Mchungaji wa kanisa jirani atakuazima. Halafu siku moja, kwenye mazishi, mtu atakupa kikombe.

Hapo ndipo kikao hujulikana. Aliyetangazwa kwa spika nne akianguka, anaanguka kwa spika nne. Anaona haya kurudi kwenye benchi lile lile, na walioketi hapo wanaona haya kwa niaba yake, basi anarudi kwa mama pima, ambako hakuna anayemwonea haya. Kwa hiyo swali la kuuliza kikao chochote kabla hujakaa, kiwe kanisani, hospitalini au chini ya mti, ni hili: yule mwenzenu aliyeteleza mwaka jana, yuko wapi? Wakikuonyesha kwa kidole, ameketi pale nyuma anakunywa chai, ingia. Wakishusha macho, wape mkono uende.

Usidanganyike pia na karatasi za kwenye nguzo za stima. Zinasema dawa ya kuacha pombe ipo, inatiwa kwenye chai bila mlevi kujua, matokeo siku saba, na chini kuna nambari ya simu ya daktari ambaye pia hurudisha mpenzi aliyepotea na kukuza biashara. Mke wako atakuwa amekwisha kupiga. Kama chai yako ya asubuhi imebadilika ladha, uliza. Zipo dawa halali za hospitali zinazomfanya mtu ajisikie vibaya mno akinywa, na kumtilia mtu dawa ya aina hiyo bila yeye kujua ni njia ya haraka ya kumuua mtu uliyetaka kumponya.

Sasa tuje kwenye kikao kinachowapoteza hata werevu: kikundi halali kilichosajiliwa. Mkenya hajui kukutana bila kuchagua viongozi. Weka watu sita wanaotaka kuacha pombe chini ya mti Sigor, na kabla mtu hajasema jina lake kutakuwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na manaibu wao, kila mwanachama akiwa na cheo. Halafu katiba itaandikwa, kumbukumbu za mkutano wa kwanza zipelekwe ofisi ya maendeleo ya jamii, maana Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 inataka mambo yawe kwenye karatasi, na cheti kikitoka kifungue akaunti. Mkutano wa pili utajadili kuku. Mfadhili atapenda mradi wa kuku. Mkutano wa tatu utamngoja mheshimiwa, atakayefika saa nne baadaye na fulana zenye picha yake na maneno ya kupinga ulevi mgongoni. Mkutano wa nne utajadili pesa alizoacha mheshimiwa, na hakutakuwa na wa tano. Kuku watakuwa wa mweka hazina. Pombe itakuwa ya wote.

Sikatai miradi, mama aliyeacha kupika chang'aa lazima ale na alipe karo. Ila kuku ni kuku na kikao ni kikao. Ukiona ajenda ya kwanza ni mchango wa usajili, jua umeingia chama, na chama kizuri ni kizuri kwa kazi yake.

Nieleze basi chanzo cha kitu unachokitafuta, maana asili yake inashangaza ukiijua. Mei 1935, dalali wa hisa kutoka New York aitwaye Bill Wilson alikwama katika mji wa Akron, Ohio, biashara iliyompeleka ikiwa imekufa. Alikuwa na miezi michache tu bila pombe. Alisimama ukumbini mwa hoteli, upande mmoja baa inachangamka, upande mwingine simu. Akaenda kwenye simu akaanza kupigia makanisa ya mji, na ombi lake halikuwa maombezi wala ushauri. Alitaka apewe mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, kwa sababu alikuwa ameona kwamba akizungumza na mlevi, yeye mwenyewe hanywi. Akaunganishwa na daktari mpasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumwona kwa dakika 15 tu. Wakakaa zaidi ya saa sita. Siku Dakta Bob aliyokunywa mara ya mwisho, 10 Juni 1935, ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa AA. Watu wawili. Hawakuwa na katiba, na mweka hazina wangempa kazi gani?

Kitabu chao kikuu chenye hatua 12 kilitoka mwaka 1939, na mwaka 1950 wakakubaliana kanuni 12 za kuendesha vikundi. Hizo kanuni zingemuudhi ofisa yeyote wa maendeleo. Sharti la kuingia ni moja: uwe unataka kuacha kunywa. Si lazima uwe umeshaacha. Hawapokei mchango wa nje, wa serikali wala wa mheshimiwa; kikapu hupitishwa, mwenye shilingi hutia, asiye nayo hupitisha. Hawana maoni juu ya siasa. Kiongozi ni mtumishi, na zamu yake huisha. Jina la ukoo huachwa mlangoni.

Raia mwema wa Kenya akisikia habari za watu wanaokutana jioni, hawana mwenyekiti, hawataji majina kamili, wanatunza siri na hawasemi wanafadhiliwa na nani, anajua jibu moja tu, ibada ya shetani, na mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume nzima kuchunguza jambo la aina hiyo. Mama mkwe akikuuliza kama umejiunga na waabudu shetani, mpeleke. AA huwa na mikutano ya wazi ambayo mtu yeyote anaweza kuketi nyuma na kusikiliza, na ya ndani iliyo kwa wenye tatizo tu. Akae hiyo ya wazi. Atakachokuta ni watu wamekaa duara, mmoja anasoma, mmoja anaeleza yaliyompata, wengine hawamkatizi wala hawamshauri, anayetaka kunyamaza ananyamaza, halafu chai. Atalalamikia chai.

Je, kinafanya kazi? Wataalamu walibishana miaka mingi, maana ni vigumu kuwafanyia utafiti watu wasiotaka kujulikana. Mwaka 2020 mapitio ya shirika la Cochrane yalikusanya tafiti 27 zenye watu 10,565, yakaona kwamba kwa kumfanya mtu akae bila pombe kabisa, njia ya AA ikiongozwa vizuri huzishinda tiba nyingine zinazojulikana, na kwa mambo mengine hulingana nazo. Na pwani ya Waswahili imeionja: soba house za Zanzibar, zilizoanza mwaka 2009 kwa ajili ya waraibu wa heroini, zinatembea kwa hatua hizo hizo 12, kati ya watu wanaoswali swala tano.

Ugumu wa Sigor ni lile jina linaloachwa mlangoni. Nairobi unaweza kuketi na watu ishirini wasiokujua. Hapa unajulikana wewe, babako, ng'ombe wako na pikipiki yako, na pikipiki ikisimama nje ya darasa la shule ya msingi jioni mara mbili mfululizo, itaulizwa. Basi usitegemee usiri wa kutojulikana. Tafuta usiri wa kutosemwa. Kijiji cha Kipsigis kina kokwet, ambako wazee hukaa wakamaliza kesi ya mpaka au ya mke, na wenye busara wakajua lipi libaki pale. Mchague mtu unayemjua kwamba anajua mambo ya watu na hujawahi kuyasikia kwake. Huyo ndiye wa kuanza naye, hata kama kikao chenu kitakuwa cha wawili kando ya josho la ng'ombe.

Kuna wanaopendelea simu. Tangu Korona ya 2020 mikutano ya AA imejaa Zoom, ya Nairobi na ya dunia nzima, saa zote. Ni jambo zuri kwa mtu wa Sigor, ila azingatie mambo madogo. Jina litakalotokea kwenye kioo ni lile uliloweka ulipofungua akaunti, kwa hiyo wengine wamejitambulisha kwa unyenyekevu kama "Mfalme wa Keg". Zima kamera kabla, si baada. Na usiingie mkutano ukiwa kwenye kibanda cha kuchaji simu.

Ukipata kikao, utashauriwa utafute mlezi, mtu aliyetangulia kuacha ambaye utampigia simu mkono ukianza kuwasha. Mwanamume achukue mwanamume, mwanamke achukue mwanamke. AA wenyewe wana mzaha mchungu juu ya "hatua ya 13", yaani mkongwe anayemkaribisha mgeni wa kike kwa ukarimu uliozidi. Ukiona mkongwe anajitolea kukusindikiza nyumbani kila mara, na njia zenu ni tofauti, badilisha kikao.

Na kuhusu wanawake, mwongozo huu hauna mzaha mwingi. Mwanamume mlevi Sigor ana aibu, lakini aibu yake ina kiti. Watu humcheka, humbeba, humrudisha nyumbani kwa wilbaro. Mwanamke anayekunywa hana hata hicho kicheko. Hunywa jikoni, hunywa akipika ya kuuza, akionja kama imekolea, na siku akitaka kuacha hawezi kuketi katika duara la wanaume ambao nusu yao ni wateja wake na wanamdai au wanadaiwa naye. Watafiti wa Eldoret hawakuwatenganisha wanaume na wanawake kwa urembo. Ukiwa kiongozi wa kikundi chochote katika kaunti hii, na unajivunia kwamba kiko wazi kwa wote, hesabu wanawake walioketi. Wasipokuwapo, hakiko wazi. Na mke wa mlevi naye ana haki ya kikao chake mwenyewe: Lois, mke wa Bill Wilson, alishirikiana na mwenzake kuanzisha Al-Anon mwaka 1951 kwa ajili ya jamaa za walevi. Pale mke hafundishwi kumtilia mume dawa kwenye chai. Anafundishwa kulala usingizi.

Limebaki jambo la saa. Vikundi vingi vizuri hufa kwa kukutana saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati mwenye mahindi yuko shambani na mwenye ng'ombe yuko kwenye foleni ya maziwa. Anayekuja saa hiyo ni aliyelazimishwa na hakimu. Sheria imeshakuonyesha saa ya hatari: baa inafungua saa kumi na moja. Kikao kinachofaa ni kile kitakachokupa kiti saa kumi na moja na nusu, jua likielekea Transmara, wakati miguu yako inaijua njia ile nyingine bila kuambiwa. Kama kinakutana asubuhi tu, waombe wabadilishe. Wakikataa, kaa nao asubuhi na umtafute mmoja wao wa kukaa nawe jioni. Na waulize mapema kama hukutana wiki ya bonasi. Kikundi kinachofunga wiki ya bonasi kinafanya mazoezi tu.

Utafiti wa NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mtu mmoja kati ya wanane nchini, wenye umri wa miaka 15 hadi 65, anakunywa. Kwa hesabu hiyo, kwenye matatu ya viti 14 iliyokuleta huenda mlikuwa zaidi ya mmoja. Kama usiku huu hujapata kikao wala mtu, piga 1192, simu ya NACADA. Haikati salio, na hupokelewa usiku na mchana.